Kutangaza ushauri wa uwekezaji Mwanza bila kuvujisha nyaraka za wateja

Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba akikubali kuwekeza kupitia kwako, anakukabidhi namba yake ya NIDA, TIN, namba ya akaunti ya benki, picha na jina la mrithi wake. Anafanya hivyo kabla hajaona hata shilingi moja ya gawio. Ndiyo maana hapa tunazungumzia matangazo na usalama wa nyaraka kwa pamoja. Mshauri mdogo wa uwekezaji hana haja ya kumwogopa sana mdukuzi wa ng'ambo. Mianya iko kwenye shughuli yake ya kila siku ya kutafuta wateja: skrinishoti iliyowekwa status, daftari la mahudhurio lililozungushwa ukumbini, kopi ya kitambulisho iliyosahaulika steshenari.

Kabla ya tangazo la kwanza

Ushauri wa uwekezaji katika hisa, hatifungani (mkopo unaoipa Serikali au kampuni nayo ikakulipa riba) na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja unasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kila tangazo lako, liwe bango, kadi, kipeperushi au status, libebe mambo matatu: jina kama lilivyoandikwa kwenye leseni, namba ya leseni, na mahali ofisi ilipo kwa maelezo ambayo mtu wa bodaboda anaweza kuyafuata. Kama unafanya kazi chini ya kampuni yenye leseni, itaje kampuni hiyo, usijitangaze kama unajitegemea. Kisha mwelekeze msomaji kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya CMSA, ahakikishe mwenyewe. Usimwambie tu kwamba unatambulika.

Watu wazima wanaikumbuka DECI, mpango wa upatu ulioporomoka mwaka 2009, na ile lugha yake ya kupanda mbegu na kuvuna. Yeyote anayezungumzia faida ya haraka anapimwa kwa kumbukumbu hiyo, na ni haki apimwe. Mshauri halali anajitofautisha kwa kumpa mteja njia ya kumkagua kabla hajatoa hela.

Usajili wa pili husahaulika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usidhani ni jambo la mabenki na kampuni za simu peke yake. Chumba kimoja Makoroboi chenye kabati la mafaili ya wateja kinakusanya taarifa binafsi.

Maneno na tarakimu za tangazo

Ondoa kabisa maneno "uhakika", "bila hasara" na "faida mara mbili". Badala ya "Wekeza nasi upate 12% kila mwaka kwa uhakika", andika: "Hatifungani yenye riba ya 12% kwa mwaka hulipa riba kila baada ya miezi sita. Ukiwa na ya shilingi 10,000,000 utapokea 600,000 kila awamu. Ukiiuza kabla haijaiva, bei yake inaweza kuwa chini ya uliyonunulia."

Sentensi ya mwisho ndiyo washauri wengi huikata kwa kuogopa kumkimbiza mteja. Iache, tena ieleze kwa hesabu. Chukua hatifungani ya Serikali ya shilingi 10,000,000, riba 10%, iliyobakiza miaka kumi. Riba sokoni ikipanda na wanunuzi wakataka 12%, hatifungani hiyo itauzika kwa takribani shilingi 8,850,000. Mteja aliyepanga kuiuza ili alipe ada ya mtoto au anunue injini ya mtumbwi atapungukiwa zaidi ya milioni moja, ingawa Serikali haijachelewesha riba hata mara moja. Akiujua ukweli huu kabla ya kununua, atakuja kukuuliza maswali. Akiujua siku ya kuuza, atakwenda kukusema Mwaloni nzima.

Kwa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, sema wazi kwamba bei ya kipande hupanda na kushuka. Ukionyesha matokeo ya nyuma, onyesha mwaka mmoja, mitatu na mitano kwa pamoja, baada ya kutoa ada, na uandike tarehe ya mwisho ya hesabu. Kuanza kuhesabu pale bei ilipokuwa chini kabisa ili mstari uonekane umepaa ni udanganyifu hata kama kila tarakimu ni ya kweli. Weka pia mfumuko wa bei pembeni, kwa sababu mteja hali asilimia, anakula kinachobaki baada ya bei za sokoni kupanda.

Muda wa kutangaza nao una hesabu yake huku ziwani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea hupumzika. Siku hizo ndizo za kuwakuta mwaloni wakitengeneza nyavu na kugawana mapato, wana nafasi ya kukaa na kusikiliza. Wakulima wa pamba wa Misungwi, Kwimba na Magu hushika fedha msimu wa ununuzi unapofunguliwa katikati ya mwaka. Nenda kabla ya hapo, wakati mtu bado anapanga matumizi. Kwa vikundi vya VICOBA, omba nafasi kwa mwenyekiti na mweka hazina, na uulize mapema kama katiba ya kikundi inaruhusu fedha ya pamoja kuwekezwa nje. Katiba isiporuhusu, inahitajika kwanza kubadilishwa kwa mkutano wenye muhtasari uliosainiwa. Ukiruka hatua hiyo, mwanachama mmoja tu akilalamika utajikuta umeshauri jambo ambalo kikundi hakikuwa na mamlaka nalo.

Status, makundi na daftari la mahudhurio

Kanuni ya kwanza: waraka halisi wa mteja hauingii kwenye tangazo. Hata ukiziba jina. Ile brashi ya kupaka wino kwenye simu mara nyingi haizibi kikamilifu. Mtu akiongeza mwanga na ukali wa picha, herufi zinarudi. Kwenye PDF hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mstatili mweusi uliochorwa juu ya maandishi huyaacha maandishi yenyewe chini yake, na yeyote anaweza kuyachagua, kuyanakili na kuyabandika kwingine. Ukihitaji kuonyesha taarifa ya akaunti inavyofanana, tengeneza ya bandia tangu mwanzo, andika "Mteja wa Mfano" na ujaze tarakimu za kubuni.

Kanuni ya pili inahusu kundi la WhatsApp. Ukiwaingiza wateja 80 kwenye kundi moja umeshawaonyesha wote namba za wote, na umetangaza kwamba kila mmoja wao ana fedha ya kuwekeza. Tapeli anahitaji kuwa na mtu mmoja tu ndani ya kundi hilo. Tumia orodha ya matangazo badala yake: inabeba hadi watu 256, kila mmoja hupokea ujumbe kama ametumiwa peke yake, na hakuna anayemwona mwenzake. Ina kasoro moja. Ujumbe humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, kwa hiyo siku ya kwanza ya kukutana mwombe aihifadhi mbele yako. Kila ujumbe uishie na njia ya kujitoa: "Usipotaka kupokea tena, jibu ACHA." Sheria inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Akijibu ACHA mtoe siku hiyohiyo, wala usimpigie kumuuliza sababu.

Daftari la mahudhurio lenye safu za jina, simu, kazi na kiasi unachotarajia kuwekeza ni hatari kubwa inayozungushwa kwa upole. Wa mwisho kuandika anawasoma wote waliomtangulia, na akitaka anapiga picha. Kata karatasi ya A4 vipande vinne, mpe kila mtu chake, ajaze na kudumbukiza kwenye boksi lenye kufuli. Uliza jina na simu tu. Kiasi cha fedha ni cha kuzungumza ofisini, mlango ukiwa umefungwa.

Ushuhuda wa mteja unaruhusiwa kwa ridhaa ya maandishi inayotaja utatumika wapi, kwa muda gani, na kwamba anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Hata akikubali, usitaje kiasi chake. Mama anayeuza mabondo ya samaki akionekana kwenye bango na milioni zake, watu watakaoanza kumfuatilia si wanunuzi wa mabondo.

Kupokea nyaraka

Chukua kinachohitajika na fomu iliyo mbele yako, basi. Kufungua akaunti ya CDS, yaani ya kutunzia hisa na hatifungani kwa njia ya kompyuta, hakuhitaji nywila ya benki wala PIN ya simu, na mteja aambiwe kwa sauti kwamba hutaziuliza kamwe. Hiyo peke yake ni tangazo zuri, maana akipigiwa na mtu anayejifanya wewe atakumbuka.

Usibaki na kitambulisho halisi. Piga kopi mbele yake na umrudishie, kisha uandike juu ya kopi, kwa mshazari, kwa wino usiofutika: "Kwa ajili ya kufungua akaunti ya CDS tu", tarehe na saini yake. Maandishi yapite juu ya picha na namba bila kuvifanya visisomeke. Kopi ya namna hiyo ni ngumu kutumiwa na mtu anayetaka kuomba mkopo kwa jina la mwingine. Baadhi ya taasisi hukataa kopi iliyoandikwa, kwa hiyo uliza kwanza. Wakikataa, yaandike maneno hayo nyuma ya kopi, pamoja na sababu ya kuitoa.

Mpe mteja risiti ya nyaraka katika nakala mbili: orodha ya ulichopokea, tarehe, saini zenu wote. Daftari la kaboni la kawaida linatosha.

Steshenari ndiko nyaraka nyingi hupotelea. Mteja anamtumia mwenye duka kitambulisho kwa WhatsApp ili kitolewe kopi, picha inabaki kwenye simu ya duka na kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta ambayo kila mtu anaigusa. Nunua printa ndogo yenye skana. Ndicho kifaa cha kwanza, kabla hata ya bango. Ukiwa nje ya ofisi, skani kwa simu kupitia programu ya Google Drive na uhifadhi kama PDF, halafu uhakikishe hakuna picha ya ziada iliyobaki kwenye matunzio. Ukilazimika kutumia steshenari, nenda na faili kwenye flashi yenye faili hilo moja tu, simama pale hadi kazi iishe, hesabu kurasa zilizotoka pamoja na zilizoharibika, ondoka nazo zote. Kama ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta yao, usiondoke kabla ya kuingia kwenye simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na kuikata hapo.

Jina la faili nalo huzungumza. Faili lenye jina kamili la mtu na neno "hatifungani" linajitangaza lenyewe kwa kila anayechungulia kioo cha kompyuta. Tumia namba, mfano MWZ-0147, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye faili lake lenye nywila, mbali na folda ya mafaili ya wateja.

Kutuma

WhatsApp hulinda ujumbe ukiwa njiani. Tatizo ni pande mbili za njia: simu ya mteja ambayo watoto wanaichezea, na nakala rudufu iliyoko Google Drive, ambayo haijafungwa kwa usimbaji (kugeuzwa isisomeke bila ufunguo) mpaka mwenyewe uwashe kipengele hicho kwenye mipangilio ya gumzo. Kiwashe, zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja, na weka PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akiiba laini yako asiweze kufungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine.

Waraka wenyewe ufunge kwa nywila. Word, LibreOffice na 7-Zip zote zinaweza. Kwa 7-Zip chagua muundo wa 7z na uweke tiki kwenye kisanduku cha kuficha majina ya mafaili. Usipoweka, mtu asiye na nywila bado ataona orodha ya kilichomo.

Usitumie tarehe ya kuzaliwa kama nywila, ingawa imezoeleka sana. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kila aliyewahi kushika kopi ya kitambulisho cha mteja anayo nywila hiyo. Hata asiyeijua, tarehe zote za miaka mia moja hazizidi 37,000, na kompyuta ya kawaida huzijaribu zote kwa muda mfupi. Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, kwa Kiswahili au Kisukuma, rahisi kutamkwa kwenye simu. Hifadhi ya kila mteja kwenye programu ya kutunza nywila kama KeePassXC, kwa sababu atasahau na atakupigia.

Faili lipite njia moja, nywila ipite njia nyingine. Mazungumzo yawe hivi: "Shikamoo mama. Nimekutumia taarifa yako kwenye WhatsApp. Chukua kalamu nikutajie maneno ya kuifungulia." Usiyatume kwa meseji kwenye simu ileile, simu ikiibiwa stendi ya Buzuruga, mwizi amepata kufuli na ufunguo wake.

Mteja mwenye kitochi apewe karatasi mkononi. Akiwa Ukerewe au Sengerema na huwezi kumfikia, weka kwenye bahasha iliyobandikwa, piga saini yako kwenye mdomo wa bahasha ikivuka sehemu ya kufungia, bandika gundi ya plastiki juu ya saini, na umwambie akupigie kabla hajaifungua ili akueleze saini inaonekanaje.

Kuna ombi moja la kuogopa kuliko yote: kubadilisha akaunti ya benki au namba ya simu ya kulipiwa gawio na riba. Likija kwa ujumbe, hata kutoka namba unayoijua, usilitekeleze. Piga simu kwenye namba iliyo kwenye fomu ya awali ya karatasi. Usitumie ile iliyoambatana na ombi. Sikia sauti, uliza jambo lililo kwenye faili peke yake, kisha mteja asaini fomu ya mabadiliko. Subiri siku moja ya kazi kabla ya kuituma. Mteja wa kweli atanung'unika kidogo. Tapeli atakuharakisha, atasema yuko hospitali Bugando na hela inahitajika sasa hivi. Mkifika hapo, simama.

Ofisini

Diski ya laptopu ifungwe yote kwa usimbaji. Windows Pro ina BitLocker. Kama toleo lako halina, VeraCrypt ni ya bure. Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker uchapishwe na kutunzwa mbali na mashine, kwani bila huo hitilafu ndogo ya mfumo inaweza kukufungia nje ya kazi ya miaka. Kwa VeraCrypt tengeneza nakala ya kichwa cha diski, yaani sehemu inayobeba ufunguo wake, kupitia menyu yake ya zana. Umeme ukikatika wakati diski ya nje inaandika, kichwa kikiharibika nywila sahihi haitafungua kitu. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayokupa dakika kumi za kuzima kwa utaratibu inazuia balaa hilo.

Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Ofisi ikiwa mjini, nakala iliyofungwa ikae Nyegezi au Pasiansi kwa mtu mnayeaminiana. Kila miezi mitatu chukua faili moja kutoka nakala hiyo ulifungue.

Karatasi zikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, rafu ya chini iwe juu ya sakafu angalau sentimita 15, na kabati lisigusane na ukuta wa nje kwa sababu ya unyevu. Kwa ofisi zilizo karibu na mto Mirongo, upande wa Mabatini, usitumie rafu ya chini kabisa msimu wa mvua.

Kuharibu ni kazi ya kupangiwa tarehe. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inataka kumbukumbu za mteja zitunzwe kwa miaka mingi baada ya biashara kwisha, kwa hiyo hakikisha muda unaokuhusu na mwanasheria wako kabla ya kuchana chochote. Muda ukiisha, tumia mashine inayokata vipande vidogo, daraja la P-4, yaani kipande kisichozidi milimita za mraba 160. Inayokata mistari mirefu haitoshi, maana mistari huunganishika. Usiuze wala kugawa karatasi za ofisi. Karatasi iliyotumika mjini huishia kufungia karanga na maandazi, na taarifa ya benki ya mtu haipaswi kusomwa na anayekula maandazi stendi. Ukichoma, koroga hadi iwe majivu, kwa sababu rundo la karatasi lililobanana huungua pembeni na kubaki likisomeka katikati.

Ikivuja

Simu au laptopu ikipotea, saa ya kwanza ina mpangilio wake. Funga laini kwa kupiga mtandao husika kutoka simu nyingine. Kata vifaa vyote vilivyounganishwa na badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine yoyote, kwa kuwa barua pepe ndiyo hufungulia zote. Andika saa, kifaa, na namba za mafaili yaliyokuwamo, kwa kutumia ile orodha yako ya MWZ. Ripoti polisi upate namba ya ripoti, na toa taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Kampuni ya dalali au mfuko unaofanya nao kazi nao waambiwe, ili wazuie mabadiliko yoyote ya malipo kwenye akaunti hizo.

Kisha wapigie wateja waliohusika, mmoja mmoja, kwa sauti, siku hiyohiyo. Mwambie kilichopotea, kilichokuwamo, kama kilikuwa kimefungwa kwa nywila au la, na anachopaswa kufanya: awe macho na simu za watu wanaojua jina lake kamili, aiarifu benki yake, asikubali ombi lolote la kubadilisha namba ya malipo kwa wiki zinazofuata, hata likija kwa jina lako.